Mzee Aliyeingoja Hukumu

Jumatano kabla ya Pasaka, mwaka wa tatu tangu vijana wetu warudi kutoka vita vya Hitla, tulimpoteza mzee wa kanisa wa hapa Nyanga. Tulimpoteza mtu aliyetufanya tuishi kwa kuangalia tunapokanyaga. Baada ya kumzika niliwaona watu wakitoka kuchota maji huku wanacheka kwa sauti, kama watoto ambao mwalimu wao ametoka darasani, kisha ghafla wakanyamaza na kutazama nyuma. Hata mimi nilitazama nyuma.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala alikuwa wa ukoo gani. Wapo wanaoyajua hayo kuliko mimi. Nilisoma madarasa manne tu katika shule ya misheni, na ninaandika yale niliyoyaona na kuyasikia.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na kikohozi chake kilimtangulia njiani. Ukiwa shambani unapalilia ungekisikia kabla hujamwona, na mara moja ungeanza kujikagua: nimesema nini asubuhi, nimemsengenya nani, nimeazima nini cha watu nikakisahau nyuma ya mlango. Hakutembea na fimbo. Sikuwahi kusikia kwamba alimpiga mtu, hata mtoto. Hakuwa na haja.

Niliolewa hapa nikitokea Rubafu, na katika mji wa mume wangu yeye ndiye mtu wa kwanza aliyenitisha. Nilikuwa bado bibi harusi wa ndani, sijaruhusiwa kutoka nje. Alikuja kutusalimu, akaketi juu ya nyasi mpya zilizotandikwa, akapewa kahawa za kutafuna kama ilivyo heshima yetu. Alitafuna taratibu, kisha akamwuliza mama mkwe, si mimi, kama huyu msichana husali akiwa peke yake. Mama mkwe akajibu kwamba nilikuwa naimba vizuri sana kanisani kwetu. Mzee akasema mbele ya watu kila mtu ni Mkristo. Basi siku zile zote za uharusi nilipiga magoti nyuma ya pazia hata pale ambapo sikuwa na neno la kusema, kwa kuogopa tu kwamba pengine anajua.

Alikuwa na swali moja, na kila mtu wa Nyanga alilijua. Ukiugua, ng'ombe wako akianguka bondeni, au moto ukila jiko lako, yeye angefika, angeinama mlangoni, na kabla ya pole angeuliza, "Umefanya nini?" Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mganga anayetaka kujua maumivu yako yako wapi, ili asaidie. Aliamini kwamba Mungu ni wa haki, na kwa kuwa ni wa haki hakuna kinachomjia mtu bure. Kila homa ina sababu yake. Sababu ikipatikana na kutajwa, homa itashuka. Alikuwa na msemo: hukumu ina miguu ya kinyonga, haikimbii, lakini haipotei njia.

Nafsi yake mwenyewe hakuihurumia. Mwaka mmoja kahawa zake zilikauka mitini huku za majirani zikizaa vizuri. Tulimkuta ameketi chini katikati ya shamba, kofia iko magotini, anajiuliza swali lilelile kwa sauti. Mkewe alisema alikaa pale tangu umande mpaka jua la adhuhuri. Alipoinuka alikwenda moja kwa moja kwa ndugu yake waliyekuwa hawasemezani, wakapatana. Mwaka uliofuata kahawa zilizaa. Sisi tulioona tulizidi kumwogopa.

Sitaki msomaji adhani kwamba woga ule haukuzaa kitu. Pale kwetu mgomba wa mtu ukiinamia shamba la jirani na mkungu ukakomaa upande wa pili, ugomvi hauko mbali. Nyanga ugomvi huo ulikoma. Mtu aliukata mkungu ulioinamia kwake, akaubeba mwenyewe, akaulaza mlangoni kwa mwenye mgomba, akaondoka bila kusubiri asante. Kahawa zetu zilipokwenda kuuzwa mjini hazikuwa na mawe wala udongo wa kuongeza uzito. Wanunuzi wa Kihindi walifikia kusema kwamba magunia ya Nyanga hawana haja ya kuyamwaga chini. Tulijisifu kwa hilo, lakini ukweli ni kwamba hatukuwa watu wema kuliko wa vijiji vingine. Tuliogopa.

Mjini Bukoba alikuwapo mwenye duka Mwislamu, baba yake alitoka pwani na mama yake ni Mhaya, aliyempenda mzee wetu na kumtania kila alipokwenda sokoni. Siku moja mzee alinunua chumvi, akafika nusu ya njia ya kupanda Nyanga, ngurumo ikapiga juu ya ziwa. Akafungua kifurushi, akakitikisa mkononi, akaona kama chumvi imezidi kile alichoomba. Akageuka na mvua ikimpiga, akarudi mpaka dukani. Nilikuwapo dukani, nimejikinga mvua na wanawake wenzangu, kwa hiyo hili sikusimuliwa.

Mwenye duka alimtazama anavyovuja maji akamwuliza, "Mzee wangu, Mungu apasue mbingu juu ya Bukoba nzima kwa ajili ya kijiko cha chumvi?"

"Kwako ni kijiko," mzee akajibu. "Kwangu ni roho."

Mwenye duka akaipokea ile chumvi, akaimimina kwenye gunia lake kwa adabu, akamletea kigoda. Akasema wao pia wanamwogopa Mungu, tena mara tano kwa siku, lakini yeye mzee anamwogopa kama mtu anayefuatwa na tarishi wa mahakama. Wanawake tulicheka. Mzee hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba tarishi huyo yuko njiani kwa kila mtu, ila wengine hawajasikia hatua zake. Tukaacha kucheka.

Radi ilikuwa udhaifu wake mkubwa. Katika miezi ya masika, mawingu yanapopanda kutoka ziwani, alitoa nje majembe na mapanga yote, akafunika kioo cha mkewe kwa kanga, akapiga magoti katikati ya nyumba. Mara moja mvua ilinikuta kwao, na hivyo niliyasikia mwenyewe. Kila radi ilipopiga alitaja dhambi. Zilikuwa ndogo mno: amemwonea wivu jirani kwa ndama wake, amesinzia wakati wa mahubiri akajifanya anasali, amekula ndizi mbivu iliyowekewa mgeni. Radi ikikaribia dhambi nazo zilienda mbali, mpaka utoto wake. Mkewe, mama mnene mwenye utulivu, aliendelea kumenya ndizi kando ya moto. Alininong'oneza kwamba mwaka huu dhambi zimepungua, mwaka jana zilifika hadi mbuzi wa baba yake.

Nilicheka ndani ya kanga yangu, huku nimeshikilia nguzo ya nyumba. Maana nilikuwa nawaza: kama mtu huyu anatetemeka kwa ndizi mbivu, sisi wengine tutasimama wapi?

Lakini binadamu hakumwogopa. Mkungu wetu, ndiye mtu wa Mukama, mfalme wetu, aliyesimamia ardhi ya kijiji, aliwahi kumnyang'anya mjane mmoja sehemu ya kibanja chake cha migomba akampa shemeji yake mwenyewe. Watu wote waliliona jambo lile, wakainamisha vichwa. Mzee alivaa koti lake la Jumapili siku ya Jumanne, akaenda hadi kwenye ua wa mkungu, akaketi. Alipoulizwa shida yake alisema hana shida. "Nimekuja kukuonea huruma mapema," akamwambia, "kwa sababu itakapofika hiyo hukumu nitakuwa sina nafasi." Alikaa pale mpaka alipomaliza kutafuna kahawa aliyopewa, akaaga. Wiki haikwisha, mkungu akasikia maumivu ya tumbo, na kabla tumbo halijapona mjane alikuwa amerudishiwa migomba yake. Mjane yule alikula kwenye kibanja kile hadi uzee wake. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba woga wa mzee yule ulikuwa upumbavu mtupu. Ulimlisha mtu.

Alikuwa na furaha moja ya dunia nayo ni senene. Walipoanguka, mzee huyu asiyekimbia alikimbia. Alishindana na watoto, aliinama kwenye nyasi za watu, alicheka. Mkewe alipowakaanga aliwala amefumba macho. Akimaliza alishukuru, kisha aliomba radhi kwa kuwafurahia kupita kiasi. Nilimwuliza siku moja, Tata, yaani baba, Mungu si ndiye aliyewaleta? Akaniambia ndiyo, ndiye, na ndiye anayeangalia nani anawala namna gani.

Sasa nifike kwenye benchi.

Kanisa letu la Kilutheri lilikuwa na benchi la nyuma, karibu na mlango, la waliotengwa. Aliyeoa mke wa pili, aliyelewa rubisi hadharani, aliyekwenda kwa mfumu, mganga wa kienyeji, wote walikaa hapo. Walisikiliza neno, waliimba, lakini hawakusogea kwenye Chakula cha Bwana. Kama walitaka kurudi, walisimama mbele ya ushirika, wakasema nimekosa, najuta, na wazee wakiridhika walipokewa. Wengi walitoka hapo baada ya miezi. Lakini aliyekufa akiwa bado wa benchi alizikwa na jamaa zake tu. Mchungaji hakuja, na ngoma ya kanisa haikupigwa. Tulifundishwa hivyo, na aliyelilinda benchi lile kuliko hata mchungaji alikuwa mzee wetu. Wakati huohuo, na hili nimeliona kwa macho yangu, wale wa benchi wakiugua ni yeye aliyewachotea maji na kuwapasulia kuni. Alisema kutengwa ni kwa Mungu, kiu ni kwa watu.

Mume wangu alikaa benchi lile mpaka alipokufa.

Binti yetu Kokugonza alikuwa anaanza kusimama akishika ukuta alipopatwa na homa iliyomgeuza macho. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelala na homa, sijui mchana wala jioni. Dawa ya hospitali ilishindwa. Mume wangu akamfunga mtoto mgongoni kama mwanamke, akapanda lori la kahawa, akaenda naye Kishanda huko Muleba kwa mjomba wake, na mjomba akamwongoza kwa mfumu. Walifanyiwa yaliyofanywa huko: kuku, majani, damu, maneno. Waliporudi mtoto alikuwa anataka uji. Akaishi.

Mzee alikuja na swali lake. Mume wangu hakuwa na tabia ya kuficha, akamweleza yote. Baraza la wazee likaketi, naye akapelekwa nyuma. Hilo alilikubali. Baada ya muda wakamwita asimame aseme neno la kujuta arudi kundini. Mimi nilikuwa kwenye viti vya wanawake, mtoto yuko mapajani. Mume wangu alisimama, akasema, "Nikisema najuta, nitakuwa nasema afadhali angekufa."

Mzee akainuka. "Basi unadai Mungu wetu, Ruhanga, alikosea kumwita mtoto?"

"Sidai kitu, Tata. Nasema tu mtoto yuko hai."

Kanisa zima liligeuka kumtazama Kokugonza. Alikuwa anatafuna pindo la kanga yangu. Siku ile ndipo woga wangu mwenyewe ulipozaliwa, na mpaka leo ninapoandika sijaumaliza. Nilielewa bila kuambiwa kwamba pale mbele ya watu wote kumefunguliwa kesi, na kwamba kielelezo cha kesi hiyo kiko mapajani pangu.

Mume wangu aliugua kifua miaka miwili baadaye. Alipoacha kutoka nje mzee alikuja kila siku. Alileta maji, alimgeuza ubavu, alimnyoa ndevu. Na kila siku kabla ya kuondoka alimwomba. Sikosei neno, alimwomba. Siku moja aliyaweka magoti yake mabaya chini na kumwambia, "Sema neno moja tu. Hata kwa kunong'ona. Mimi nitawaambia nimelisikia." Machozi yalikuwa yanamtoka. Mume wangu alitazama mlangoni, Kokugonza alikuwa anapanga maganda ya ndizi kwenye mstari na kuyaita ng'ombe. Akamshika mzee mkono, akatikisa kichwa.

Aliniuliza baadaye, mzee alipokwisha kwenda, kama nadhani atatupwa. Nilitaka kumwambia hapana. Nilimwambia sijui. Hatukuwahi kudanganyana, na sikuona namna ya kuanzia hapo.

Tulimzika kibanjani nyuma ya nyumba, ndugu zake na majirani wachache waliothubutu. Mvua ilikuwa inanyesha. Hakuna aliyesoma. Shemeji yangu alianzisha wimbo, akaukatiza. Nje ya mpaka, njiani, kando ya ile miti tunayopanda kuonyesha shamba la nani linaishia wapi, alikuwa amesimama mzee wa kanisa. Ameshika kofia mkononi, maji yanamtiririka usoni. Hakuvuka mpaka na hakuondoka. Alisimama mpaka udongo wa mwisho. Watu walisema baadaye kwamba alikuwa anamlilia mume wangu, na kwamba sheria ndiyo iliyomzuia kuingia. Mimi niliona kitu kingine ambacho sikukielewa. Hakuwa anatazama kaburi. Alikuwa anamtazama mtoto wangu.

Miaka iliyofuata sikuishi, nililinda. Kokugonza akipiga chafya nilisimama. Akichelewa kisimani nilikuwa nimekwisha kufika nusu ya njia. Nilimkataza ziwa, nilimkataza kupanda miti, nilimkataza kutembea mbele yangu njiani, kwa sababu nilitaka niwe wa kwanza kukutana na chochote kinachokuja. Wenzake walimwita mkia wa mama. Mimi sikutengwa, maana wazee walijua nilikuwa nimelala na homa wakati ule, nikaendelea kula Chakula cha Bwana. Lakini kila nilipopiga magoti pale mbele, sikuomba baraka. Niliomba asinikumbuke. Niliomba Mungu awe na kazi nyingine. Nadhani hiyo si sala, ila ndiyo niliyokuwa nayo.

Na mzee? Kila tulipokutana naye alisimama. Alinisalimu mimi, lakini macho yake yalimpima mtoto kuanzia nyayo mpaka kichwani. Aliuliza kama amelala vizuri, kama anakula, kama ana homa. Nikajibu Tata, hajambo. Akasema haya, akaendelea na safari yake, na kikohozi chake kikapotea polepole kwenye migomba. Nilikuwa nikifika nyumbani nampapasa mtoto paji la uso.

Mara moja tu nilijaribu kuuliza. Tulikuwa tunasafisha kanisa kwa ajili ya sikukuu ya mavuno, sisi wawili karibu na lile benchi. Nilimwuliza kama hukumu ya baba inaweza kumshukia mwana. Alifuta benchi muda mrefu kwa kitambaa. Akasema Ruhanga hana haraka. Nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Jumanne ile, siku moja kabla hatujampoteza, mkewe alituma watu waniite, na akasisitiza nije na Kokugonza. Binti alikuwa msichana mkubwa sasa, yuko darasa la nne, kimo chake kimenipita masikio. Tulipopanda njia ya kwao niliwaza tupitilize, tuseme hatukuwakuta. Nilidhani ananiita kunisomea hukumu.

Tulimkuta ameinuliwa kwenye mito, miguu imevimba, imekuwa kama ya mtu mwingine. Wazee wenzake wawili walikuwa kwenye benchi ukutani. Mchungaji, kijana mpole ambaye hakukaa sana kwetu, alikuwa ameketi na kisanduku cha Chakula cha Bwana magotini. Mkewe alininong'oneza kwamba tangu Jumapili ya matawi mchungaji anakuja na kisanduku na kuondoka nacho. Mgonjwa anakataa Chakula hicho mpaka aongee na mimi.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza.

"Huyu hapa, Tata."

Kokugonza alipiga magoti kumwamkia. Mzee alimshika kifundo cha mkono, akakibonyeza kwa kidole, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba ndani kuna mfupa.

"Siku mlipomzika mumeo nilisimama njiani," akaniambia.

Nikasema nakumbuka.

"Ulidhani nafanya nini?"

"Nilidhani umekuja kuangalia tusije tukapiga ngoma."

Mmoja wa wazee akajikunja kwenye benchi. Lakini mgonjwa akatoa pumzi iliyotaka kuwa kicheko. "Na hilo pia," akasema. Kisha uso ukarudi ulivyokuwa. "Nilikuwa namtazama huyu. Nilijua atachukuliwa. Baba alikataa kujuta, basi mtoto atachukuliwa, ili kila mtu aone. Kilio kikisikika upande wenu nilitoka mlangoni nikatega sikio. Mwaka ukapita. Akaanza shule. Nikasema Ruhanga hana haraka. Mwanangu, nilikuwa nangoja afe."

Mkewe aliweka chini kikombe alichokuwa amekishika.

"Sikufurahia," akaendelea. "Niliogopa. Kama hafi, basi nimemsemea Ruhanga maneno ambayo hakuyasema. Niliona afadhali afe yeye kuliko mimi niwe mwongo."

Mchungaji akaanza kusema kwamba damu ya Yesu yatosha kwa yote. Mzee akainua mkono. "Wewe subiri kidogo, baba. Namwuliza huyu." Akanigeukia. Hakusema nisamehe. Alinitazama tu, na nikaona kwamba mtu huyu aliyemtisha mkungu, aliyenitisha mimi tangu nikiwa bibi harusi, ananiogopa. Midomo ilikuwa inamtetemeka kama zile siku za radi.

Nitaandika nilivyowaza, nisijipambe. Niliwaza kwamba nikisema nimesamehe, atakula, atakufa kwa amani, na nitakuwa nimesema uongo mbele ya mkate wa Bwana. Nikisema sijasamehe, mzee huyu atakufa nje kama mume wangu alivyokufa nje. Na kwa muda mfupi niliitamani ile ya pili. Niliitamani kama mtu mwenye njaa. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote ya siku ile, maana niliona kwamba mimi nami naweza kukaa mlangoni, nimetega sikio, nikimngojea mtu hukumu.

Nikamwambia, "Tata, la kumtenga mume wangu nililisamehe zamani. Ulifuata ulivyofundishwa, tena ulimchotea maji. Hili la mtoto nimelisikia sasa hivi. Sijalisamehe. Naogopa kusema uongo."

Mkewe akajifunika uso. Mchungaji akanitazama kana kwamba nimemwaga kikombe. Mzee alifumba macho, na nilidhani nimemwua.

"Umesema kweli," akasema hatimaye. "Ungejibu haraka, ningejua bado unaniogopa."

Akamwambia mchungaji afunge kisanduku. Mchungaji akabembeleza, akasema neema haingoji ruhusa ya mtu, akasema yeye kama mchungaji anamwondolea dhambi. Mzee akamjibu kwa upole, kwa sauti ambayo ilibidi tusogee ili tuisikie. "Mume wa mama huyu alikaa nje kwa kusema kweli. Mimi nitakaa nje kidogo. Nataka kujua palikuwaje."

Baada ya hapo alikuwa amechoka. Alimwuliza Kokugonza kama amekula. Binti, ambaye nadhani alielewa zaidi ya nilivyotaka aelewe, akajibu kwamba amekula ebitoke na maharage. Mzee akamwambia ale, ale sana. Akamwachia mkono.

Tulitoka. Nilimuaga mkewe, akanishika mabega. Nilikuwa nimeamua kurudi asubuhi ya kesho yake. Sijui ningemwambia nini, ila nilijua nitarudi.

Njia ilikuwa na utelezi. Juu ya ziwa mawingu yalikuwa yameanza kunguruma, bado mbali. Kokugonza aliinua gauni lake la shule, akaruka dimbwi, akatangulia mbele akipita katikati ya migomba, mpaka nikawa namwona mgongo tu, kisha majani tu. Nilijiambia nimwache. Nilijiambia hivyo mpaka kwenye kona. Halafu nikamwita. Hakujibu, nikaongeza mwendo, nikapita kona, na nikamkuta amesimama katikati ya njia, ameshika viatu mkononi, ananingoja.